Uzinduzi wa Karakana ya Kuondoa Tyubu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Magari ya Kale. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye leo ni mimi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi. Wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu, wasaidizi wa hao wasaidizi, na nyinyi mafundi mlioacha familia zenu huko mbali mkaja hapa kwa ahadi ya ajira: itifaki imezingatiwa, kaeni. (Viti hakuna. Watu wanabaki wamesimama.)

Ndugu zangu, gari la kale lenye magurudumu ya spoki ni urithi wetu, ila kwa miaka mingi limetembea na tyubu ndani ya tairi, yaani mpira ndani ya mpira, jambo ambalo ni matumizi mabaya ya mpira, ndipo ofisi yangu, kupitia mchakato shirikishi wenye tija na fokasi, ikasema tyubu basi! (Makofi ya mstari wa mbele.)

Wataalamu walitukatisha tamaa, eti kila spoki imepita kwenye tundu la rimu na kila tundu linavuja upepo, kwa hiyo ukitoa tyubu bila kuziba matundu, gari litakaa chini kabla dereva hajafunga mlango. Mimi nikasafiri ng'ambo na mke wangu na shemeji zangu, tukayatazama matundu hayo kwa macho yetu, tukarudi na msimamo mmoja: tundu lisizibwe kabla halijafanyiwa semina. Leo natangaza kwa unyenyekevu wangu mkubwa kwamba matundu yaliyopata semina yamefikia asilimia mia na kumi. (Sauti kutoka nyuma: "Semina inaziba pancha, baba?" Kicheko.)

Huyo aliyeuliza ni fundi au mpinzani? ("Fundi! Nimekuja na spana zangu. Kazi tunaanza lini?") Swali zuri, mwanangu. Kuanza ni dhana pana. Kuna kuanza kwa awali, kuna kuanza kwenyewe na kuna kuanza endelevu, nasi tuko katikati ya hayo yote. ("Nyumbani nimeaga kwamba kazi nimeshapata!") Na hukudanganya, uliwahi tu. (Miguno.)

Wenye wivu hawakosekani. Juzi mkaguzi alifika hapa hapa, akazunguka, akajikuna kichwa, akatamka mbele ya dereva wangu kwamba huu ni mradi hewa. (Kicheko kikubwa.) Mnacheka nini? Tairi linajazwa nini, mchanga? Mkaguzi mwenyewe amekiri kwamba sisi ni hewa tupu, tena bila tyubu! (Mstari wa mbele unapiga makofi, unatazamana, unaacha.)

Sasa tuitikie kwa nguvu. Tyubu! ("Itoke!") Spoki! ("Zing'ae!") Ajira! ("Lini?") Hapana, hapo mnaitikia "Ipo!" Haya, ajira! ("Wapi?")

Basi. Kwa kumalizia, nawashukuru kwa dhati wachoraji wetu, waliojituma mno hadi karakana hii nyuma yangu, pamoja na madirisha yake, mashine zake na wafanyakazi wake wenye tabasamu, ikaenea kwenye ukuta mmoja. Asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe mwenye spana, acha kupapasa huo mlango, hauna kitasa wala upande wa pili. Utachafuka bure, rangi bado mbichi.