Sumu ya Spika za Fauzia

Kaimu wa Nachingwea alikuwa fundi redio wa kujitangaza. Chuo chake kilikuwa ulimi. Siku hiyo alikuwa Ruangwa akitafuta wa kumlia chake, mara akasikia spika zikikoroma barazani kwa Fauzia, mshona nguo. Akasogea. Lahaula! Spika mbili za mbao, zile za zamani zenye sumaku nzito. Kasoro yake ni ule mviringo wa sponji unaoshika koni ya karatasi pembeni: umeoza, unapukutika unga mweusi. Badilisha mviringo, spika inafufuka. Na Jumanne mwenye disko alikuwa akizitafuta kwa tochi.

"Dada'angu," alisema, uso kauvalisha msiba, "hizi zimekufa. Tena huo unga ni sumu. Watoto wanacheza hapa?"

"Wanacheza."

"Yarabi! Usizifungue kabisa. Akivuta mtu hilo vumbi, anywe maziwa haraka."

Fauzia akashika kifua. "Na mwanangu anatoka unyagoni Jumamosi! Bila muziki, majirani si watanisema mpaka korosho zichanue?"

Hapo Kaimu, kwa huruma isiyo na mfano, akajitolea: yeye ataibeba sumu, na badala yake atampa Fauzia sabufa yake mwenyewe, spika ya besi ileile inayomlisha yeye Kaimu kwenye harusi za watu.

"Ngoja nimuulize baba watoto," akasema Fauzia. "Njoo Ijumaa."

Ijumaa Kaimu akaja na bajaji ya kukodi. Akakuta maboksi ya spika yamefungwa kamba, na Fauzia kajiziba pua kwa kanga. Kaimu akatamani kuchungulia kidogo tu. Nani hununua mbuzi bila kumpapasa? Alipogusa kitambaa cha mbele, Fauzia akapiga yowe.

"Kaka, unafungua? Si wewe uliyesema sumu? Watoto wangu jamani!"

Majirani wakatoka. Kaimu akarudisha mkono. Uongo nao una adabu zake: ukishauzaa, sharti uulee. Akainua boksi. Zito. Akaridhika, akashusha sabufa.

Kesho yake, mbele ya Jumanne, akafungua skrubu. Ndani, jiwe. Juu ya jiwe, sponji iliyooza imekunjwa vizuri kama kitambaa cha mezani. Boksi la pili, jiwe pacha.

"Fundi," Jumanne akauliza, "hizi zinapiga besi ya wapi?"

Kaimu alikuwa anaifikiria sabufa yake. Simu ikaita.

"Kaka Kaimu! Nilijiuliza, nani anatoa kuku mzima achukue manyoya? Nikafungua. Nimekata kitambaa cha mwavuli, nikabandika mviringo mpya kwa gundi ya viatu. Sasa zinalia ndani ya kabati la vyombo, na sabufa yako inaitikia. Sikia mwali anavyotoka!"

Simu ikatetemeka kwa besi na vigelegele.

"Dada, hebu tuzungumze kiutu uzima..."

"Kwani umeshafungua maboksi?"

"Nimefungua," Kaimu akasema, kinyonge.

"Ee, masikini! Basi usisimame hapo, kaka. Kimbia ukanywe maziwa."