Dharura Hupokelewa kwa Notisi

Kitengo cha Uratibu wa Mitikisiko ya Nafsi, tawi la Garissa, kinawatangazia wananchi wote kwamba kuanzia Jumatatu, hakuna mtoto wa malezi ya kambo atakayepatwa na dharura ya akili bila kutoa notisi ya siku tatu.

Tangazo hilo aliliandika Bwana Musembi mwenyewe, mkuu wa kitengo, na kila asubuhi alisimama mbele ya ubao akalisoma upya, roho ikamtulia. Zamani mambo yalikuwa vurugu tupu. Watoto walielemewa siku yoyote waliyotaka, hata sikukuu. Sasa serikali ilikuwa imetoa fedha na fedha zilionekana: Chumba cha Utulivu, kiyoyozi, pazia la buluu, na kochi ambalo bado lilivaa nailoni yake ya dukani. Hakuna mtoto aliyewahi kulikalia, ndiyo maana lilikuwa safi. Katika ripoti Musembi aliandika kwamba watoto mia mbili wamehudumiwa na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Hilo la pili lilikuwa kweli kabisa.

Jumatano akaja Ebla, muuza maziwa wa mtaa wa Galbet, amemshika mkono Ilwad, binti wa miaka kumi na tano. Ni mtoto wa marehemu kaka yake. Mama naye alifariki mwaka jana. Binti alikuwa akitetemeka, macho makavu.

"Siku tatu hakula," Ebla alisema. "Jana ameniambia, 'Eeddo, shangazi yangu, nataka kulala nisiamke.' Mimi naogopa, wallahi. Saidia sisi."

Musembi aliguswa. Aliguswa sana, ila kwa kufuata utaratibu.

"Pole, mama. Notisi umeleta?"

"Notisi ya nini?"

"Ya kwamba leo atakuwa na dharura."

"Kwani moyo nabiga simu kwanza?"

"Hapo ndipo walezi wengi wanapokosea." Akamsogezea fomu. "Hapa asaini mama mzazi."

"Mama yake amekufa!"

"Basi aandike hivyo. Tumeacha nafasi ya maelezo."

Ebla hakubishana. Alimketisha mtoto sakafuni ukumbini, akaketi naye. "Sisi hapana toka," alisema.

Ndipo Loise, karani wa mapokezi, akaweka simu chini. "Bosi, wakaguzi wa Nairobi wako getini. Wanataka kuwaona watoto."

"Watoto gani?"

"Wale mia mbili."

Moyo wa Musembi ukaruka. Pumzi ikakatika, vidole vikafa ganzi, magoti yakamwangusha ukumbini hatua mbili kutoka kwa Ilwad.

"Loise! Fungua chumba! Nakufa!"

Loise alikuwa amefunzwa na Musembi miaka minne, na mafunzo yalimkolea. "Notisi umeleta, bosi?"

"Loise!"

"Na hapa asaini mama mzazi."

"Mama yuko kijijini Mwingi!"

"Basi aandike hivyo."

Ilwad ndiye aliyesogea. "Niangalie mimi," alisema, sauti haina nguvu. "Taja mbuzi."

"Mbuzi... gani?"

"Wa kwenu. Mmoja mmoja, na rangi yake. Eeddo hunifanyia hivyo nikibanwa."

"Kuna mweusi... pembe imevunjika. Kuna wa madoa..."

Alipofika wa sita pumzi ilikuwa imerudi. Akafuta jasho kwa tai.

"Wameisha," alisema. "Wakiisha, mtu hufanyaje?"

"Sijui," Ilwad akasema. "Wangu waliisha jana."

Mmoja wa wakaguzi, Daktari Gatwiri, alikuwa ameshaingia na kusimama juu yao, amesikia yote. Hakuulizia ripoti. Alinyoosha mkono, na Loise akampa ufunguo upesi kama aliyekuwa akiungojea kwa miaka. Nailoni ikasikika ikichanika. Daktari akamwita Ilwad, akamketisha kwenye kochi, akafunga mlango akabaki naye.

Nje, Loise alimletea Musembi fomu. "Daktari amesema na wewe uonwe. Lakini sheria uliiandika wewe, bosi. Siku tatu, na mama mzazi asaini."

Musembi aliitazama fomu. Hakuwa na mtu karibu kuliko Mwingi.

"Lete," Ebla alisema, akichukua kalamu.

"Mama, wewe ni nani wake?" Loise akauliza.

"Tangu leo, mlezi."

Akasaini. Kisha, kwenye nafasi ya maelezo, akaandika: *Ana mbuzi sita tu. Msichelewe.*