Kamati ya Mguu Mwepesi

Ofisi ya Uratibu wa Safari za Kikazi, Ukanda wa Kilwa, ina furaha kuutangazia umma kwamba tatizo la mafuta ya magari limekwisha. Limekwisha kitaalamu. Kilichobaki ni mafuta yenyewe kuacha kuisha, na hilo linashughulikiwa.

Mimi ni Kidawa, mhudumu wa ofisi. Shule niliishia darasa la tano, lakini hakuna kikao ambacho sikuwepo, kwa sababu hakuna kikao kisicho na chai. Sisemi sana. Huwa nauliza sukari ngapi, basi.

Mambo yalianza pale Mratibu Mkuu, Mheshimiwa Likwata, alipoona gari la ofisi linakunywa mafuta kuliko watumishi wanavyokunywa chai yangu. Akaunda Kamati ya Mguu Mwepesi, mwenyekiti Bi Consolata wa manunuzi. Kamati ilisafiri hadi Dar es Salaam kutafuta suluhisho, ikarudi tena kulitafuta vizuri zaidi, na hatimaye ikaja na kiboksi kidogo chenye vitufe vinavyowaka.

Fundi aliyekuja kukifunga alieleza kwa maneno mepesi.

"Magari ya siku hizi, pedeli ya mafuta haivuti waya wa chuma. Inatuma umeme kwenda kwenye injini. Hiki kiboksi kinakaa katikati. Ukiweka taa ya kijani, dereva akikanyaga nusu, injini inaambiwa robo. Gari linaondoka taratibu, dereva anakosa papara, mafuta yanapungua kiasi."

"Kwa hiyo kinaidanganya injini," alisema Mheshimiwa Likwata.

"Kidogo, mzee."

"Kwa manufaa ya umma."

"Ndiyo, mzee."

Kikapewa jina: Kidhibiti cha Kielektroniki cha Mwenendo wa Mguu. Sisi wengine tuliendelea kukiita kiboksi.

Dereva wa gari hilo ni Bashiru. Bashiru alikuwa ameleta posa nyumbani kwetu Mtanda, na mjomba wangu alikuwa ameipokea. Nalitaja hili kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi tu.

Kiboksi kilifanya kazi yake. Siku ya kwanza, kwenye mwinuko wa kutoka Njinjo, mama mmoja aliyejitwika ndoo ya maji alitupita kwa miguu, akageuka.

"Bashiru mwanangu, mmeharibikiwa?"

"Shikamoo mama. Hatujaharibikiwa. Tunaokoa mafuta."

"Marahaba. Haya, mimi natangulia. Nikiwaona wenyeji wenu nitawaambia mnakuja."

Lakini mwezi ulipoisha, mafuta yalikuwa yametumika yale yale. Kamati ikakaa, nikamimina chai, Bashiru akaitwa mbele.

"Eleza," alisema Bi Consolata.

"Bi mkubwa, mimi nakanyaga taratibu kama nilivyoagizwa. Ila gari halizimwi. Juzi tulikwenda kwenye msiba, Mheshimiwa akaingia ndani, akaniambia niache injini inaunguruma na kipupwe kinapuliza, akirudi akute kiti cha baridi. Iliunguruma tangu watu wanachimba kaburi mpaka wanakula ubwabwa. Kwenye harusi ya wiki iliyopita hivyo hivyo. Na sokoni, siku aliyofuata samaki aina ya changu."

Wajumbe walitazama vikombe vyao. Agizo la kwamba gari la Mratibu Mkuu lisizimwe lilikuwepo tangu enzi za Mratibu aliyemtangulia. Kiongozi kuingia kwenye gari la moto ni kudhalilisha wadhifa.

"Gari likiwa limesimama," aliuliza Bi Consolata, "mguu wako unakuwa kwenye pedeli?"

"Hapana. Mimi nakuwa kivulini na wenzangu."

"Basi kama hukanyagi, huko hakuna matumizi. Kamati hii ni ya mguu, Bashiru. Tusitoke nje ya mada."

Ikaamuliwa mguu upimwe. Msimu wa korosho ulikuwa bado, kwa hiyo mizani ya chama cha msingi cha wakulima ilikuwa haina kazi. Tukaenda ghalani. Bashiru akakaa kwenye benchi, akaweka mguu wa kulia juu ya mizani. Mpimaji alitazama, akatoa uzito wa ndala, kama anavyotoa uzito wa gunia. Kisha, kwa mazoea, akaupapasa unyayo kusikia unyevu.

"Daraja la pili," alisema.

"Ni mzito?" aliuliza Bi Consolata.

"Mzito siwezi kusema, maana sijapima mwingine. Ila haujakauka."

Mguu wa Mheshimiwa Likwata haukuletwa ghalani. Ulikadiriwa kuwa mwepesi.

Hapo ndipo ulipotoka waraka. Ulisema hivi: mtumishi yeyote ambaye gari litaishiwa mafuta mikononi mwake, bila kujali cheo, mguu wake ni mzito, na atahamishiwa kituo chetu cha Songo Mnara. Songo Mnara ni pazuri, watu wake wakarimu, samaki hawapungui. Ila ni kisiwa, na barabara ya gari hakuna. Ofisi iliona kwamba dereva akiwa huko hawezi kupoteza mafuta kabisa. Maneno "bila kujali cheo" aliyaongeza Mheshimiwa kwa mkono wake, yalikuwa yanasikika vizuri.

Kila mtu alijua waraka umeandikiwa nani. Mjomba alinipigia simu jioni ile ile.

"Kidawa, nasikia mwenzio anapelekwa kisiwani. Dereva wa mahali pasipo na gari ni dereva wa nini?"

"Bado hajapelekwa, mjomba."

"Akipelekwa, posa yake itarudi kwao. Sikuozeshi kwa mtu anayeendesha mchanga."

Nilikwenda kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Wiki iliyofuata wakubwa wa mkoa waliitisha kikao Lindi, wasikie habari za kiboksi. Mheshimiwa Likwata akaamua kuendesha mwenyewe, waone mguu wa mfano. Mafuta ya kwenda na kurudi yalipimwa mbele ya kamati, yakapunguzwa kiasi ambacho kiboksi kingeokoa. Bashiru na mimi tulikaa nyuma, yeye na tairi la akiba, mimi na chupa za chai.

Mheshimiwa aliendesha vizuri, lazima niseme. Taa ya kijani iliwaka njia nzima, na bodaboda zilitupita huku zikitupungia mkono. Tulipofika Lindi alishuka, akafunga mlango, injini ikabaki inaunguruma.

"Mheshimiwa, nizime?" aliuliza Bashiru.

"Leo wewe ni dereva?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Sasa kinachokuwasha nini? Unataka nikirudi nikae kwenye tanuri?"

Bashiru akaenda kukaa kivulini, akanitazama, nami nikatazama chupa.

Hotuba ya Mheshimiwa juu ya kubana matumizi ilikuwa ndefu. Ilianza asubuhi, ikapitia chai, ikapitia chakula, ikaendelea baada ya swala ya alasiri. Aliusoma waraka wote, na alipofika "bila kujali cheo" alirudia mara mbili, wakampigia makofi. Mkubwa mmoja wa mkoa, mama mtu mzima mwenye miwani, akasema, "Safi sana. Hebu tutoke nje tulione gari lenyewe."

Tukatoka wote. Nje palikuwa kimya. Gari lilikuwa limenyamaza, madirisha yamefungwa, na mbuzi amelala chini yake.

Mheshimiwa akaingia, akazungusha ufunguo. Akazungusha tena. Taa ya kijani ikawaka vizuri kabisa.

"Imekuwaje?" aliuliza yule mama.

"Mafuta yameisha," alisema Bashiru. Alisema kwa sauti ndogo, lakini palikuwa kimya.

Yule mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nani alikuwa dereva leo?"

Wote walitazama mguu wa Mheshimiwa.

"Basi Mheshimiwa," alisema, "hongera. Viongozi wengi wanatoa waraka, hawatoi mfano."

Bi Consolata, ambaye sasa anakaimu uratibu, alisimamia uhamisho haraka na kwa heshima zote. Nafasi ya Songo Mnara ilikuwa moja, ikajazwa. Bashiru amebaki Kilwa. Mjomba amenipigia tena, ameuliza tu wageni waje Ijumaa gani.

Tulimsindikiza Mheshimiwa kwa boti ya Yahya, Bashiru akibeba masanduku, mimi chupa ya mwisho ya chai. Boti ilipogusa mchanga, Yahya akazima injini.

"Usizime," alisema Mheshimiwa Likwata, akikunja suruali ashuke. "Iache inaunguruma. Nawasalimia viongozi kwanza, huenda nikarudi."

Yahya alikuwa ameshaanza kufunga kamba.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Mafuta haya nimenunua mwenyewe."