Silinda Nne au Sita

Jumatatu, tarehe 3

Mdomo umeniponza. Jana jioni shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kupanga harusi ya binti yangu utadhani binti ni wake. Akakaa kwenye kiti changu. Akatangaza kwamba Jumamosi bibi harusi atapelekwa ukumbini kwa gari lake jipya jeusi, na mjomba mtu ndiye atakayeshika usukani. Eti ni aibu bibi harusi kushuka kwenye gari la shule ya udereva, lenye kibao cha L juu ya paa. Gari hilo ndilo langu. Nusu ya mji huu imejifunzia humo.

Binti akanigeukia, akauliza kama mimi nitakuja naye. Nilitaka kujibu ndiyo, basi. Badala yake nikasikia sauti yangu ikimwambia shemeji asijisumbue, maana nanunua gari la spoti. Shemeji akauliza lenye injini gani. Nikasema bado nachagua kati ya mbili. Jibu safi hilo! Mtu anayechagua rangi anaweza kuwa anapiga chuku; anayechagua injini haulizwi zaidi. Mke wangu tu ndiye aliyeacha kumenya viazi na kunikazia macho.

Mpango: sinunui kitu. Mteja anayechagua hupewa gari alijaribu. Nitachagua mpaka Jumamosi.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda duka la magari. Muuzaji ni dada mmoja niliyemfundisha udereva mwenyewe. Aliponiona alisimama wima na kuficha simu. Mambo yameanza vizuri. Gari ni jekundu, fupi, limelala chini kiasi kwamba huingii, unajilaza. Linakuja na injini mbili: silinda nne yenye turbo, au silinda sita, yenye nguvu za farasi mia tatu na ushei. Nilikunja uso na kuuliza maswali mazito.

Safari ya kwanza huendesha yeye, ndio utaratibu wao. Hapo kazi yangu ikaniumbua. Miaka yote nimekaa kiti cha pembeni, na kwenye gari langu kiti hicho kina breki yake, ya mwalimu. Hili halina. Kila dada alipokanyaga mafuta, mimi nilikanyaga zulia. Kwenye kona ya pili zulia likachomoka. Nikaropoka: kioo, indiketa, tazama juu ya bega! Dada akaegesha pembeni, akazima injini, akavuta breki ya mkono, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama amefeli.

Nikamwambia amepita. Alishukuru kwa dhati.

Jumatano, tarehe 5

Leo nimeshika usukani mwenyewe. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Mimi hata nyumbani hurudishwa na mwanafunzi wa mwisho wa siku, na mke wangu hupelekwa sokoni na wa kwanza. Nilianza na silinda nne. Nikatazama vioo, nikasogeza kiti, nikatazama vioo tena. Kwenye barabara kuu nikafika kilomita thelathini kwa saa. Mwendo wa kutosha! Mwenye baiskeli alitupita akiwa amebeba godoro, akatupungia mkono.

Kisha silinda sita. Thelathini vilevile, ila kwa kelele zaidi. Dada akauliza kwa adabu kama naona tofauti. Nikasema hii ya sita ina busara zaidi. Akajibu kwamba, kwa heshima zote za mwalimu wake, injini zote mbili bado zimelala. Gia ya tatu hazijaiona. Nikamwambia ndiyo maana inabidi nijaribu tena kesho.

Nyumbani nimemweleza mke wangu habari za farasi mia tatu. Ameuliza nani atawalisha. Shemeji akapiga simu kuchungulia mambo. Nimemwambia ile ya nne inavuta, ile ya sita inararua. Sijui nilimaanisha nini, lakini alikata simu. Ushindi!

Alhamisi, tarehe 6

Siku ya kutega mtego. Nimemwambia dada kwamba uamuzi umekaribia, limebaki jaribio moja la silinda sita, Jumamosi asubuhi, kwa uzito wa abiria aliyevaa gauni refu. Akauliza kwa nini gauni. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Akasema hakuna neno, ila sheria ya duka ni kwamba muuzaji lazima awemo garini na mteja. Nikasema haina shida, yeye atakaa nyuma.

Akanitazama. Akaniuliza nyuma ipi.

Hakuna nyuma. Gari lina viti viwili! Siku mbili nimekaa ndani yake, na nyuma sijaangalia. Mimi, ambaye hakuna mwanafunzi anayegusa gia kwangu kabla hajatazama nyuma. Nikauliza kama anaweza kujikunja kwenye buti. Akalifungua. Mlikuwa na nafasi ya mkoba na pengine viatu.

Ijumaa, tarehe 7

Sijamwambia mtu. Nimefundisha vibaya kutwa nzima. Mwanafunzi mmoja amepanda ukingo wa barabara nami nikampongeza. Shemeji ameleta riboni za gari lake na kuziacha sebuleni, ili nizione.

Jioni nilijificha ndani ya gari la shule, kwenye kiti changu cha pembeni. Binti akanifuata, akaingia upande wa usukani. Alikaa humo kila jioni alipokuwa anajifunza, na kila jioni tuligombana kuhusu klachi. Leo hakuigusa.

"Baba, mimi sikukuuliza injini," akasema. "Nilikuuliza kama utakuja na mimi."

Nilimpenda mtoto wangu mpaka kifua kikaniuma. Kesho anaondoka nyumbani kwangu. Nilipaswa kumwambia kila kitu palepale. Nikafungua mdomo, nikasema silinda sita imepata hitilafu ndogo ya dakika za mwisho. Akacheka, akanibusu shavuni, akarudi ndani. Sijui kilichomchekesha.

Jumamosi, tarehe 8

Shemeji alifika mapema, gari linang'aa, riboni kila mahali. Amevaa miwani ya jua. Akauliza gari la spoti liko wapi. Nikaanza kueleza habari za hitilafu, nikitaja sehemu za injini ambazo sidhani kama zipo.

Binti akatoka. Alimpita mjomba wake, akampa mkono kwa heshima, akaenda moja kwa moja kwenye gari la shule na kufungua mlango wa dereva. Gauni likajaa mpaka dirishani. Mama yake na mashangazi wakasukumiza kilichobaki. Kisha akaniita.

"Ingia, Mwalimu. Leo sitaki kusikia habari za klachi."

Nikaingia. Akatazama vioo, akawasha indiketa, akageuza bega, shela na vyote. Akaondoa gari bila kutikisa hata maua. Nilitaka kumsifu, nikaishia kurekebisha kioo changu. Watu walisimama barabarani kutazama bibi harusi anayeendesha gari chini ya kibao cha L. Kwenye mzunguko lori lilichomoza ghafla. Breki ya mwalimu ilikuwa chini ya kiatu changu. Sikuikanyaga. Aliliona mwenyewe, akalisubiri, akapita. Nikalia kuanzia hapo mpaka ukumbini, na sikuona haya.

Shemeji alitufuata kwa mwendo wa thelathini njia nzima, maana hakuna anayempita bibi harusi. Alipofika alisema injini yake ilikuwa imeanza kuchemka.

Jumatatu, tarehe 10

Nyumba imepoa. Mke wangu amepika chakula cha watu wengi kwa mazoea, tukatazamana. Nimekumbuka jinsi alivyogeuza bega pale kwenye kuondoka, nikafurahi upya.

Nimefikiri kwa kina kuhusu wiki nzima. Nimegundua kosa. Mpango ulikuwa mzuri. Viti ndivyo vilivyoniangusha. Nimempigia dada wa duka la magari nikamuuliza kama wana la spoti lenye viti vinne. Akavuta pumzi ndefu. Wanalo, na linakuja na injini tatu. Tatu! Kesho mchana nakwenda kujaribu ya kwanza. Binti yetu mdogo ana miaka kumi na moja na amesema hataki kuolewa kabisa, kwa hiyo safari hii nina muda wa kuchagua kwa makini.