Tembo Aliyeacha Kundi Akaenda Ukweni

Jumatatu, 6 Juni 1994

Hellena wangu! Ndoa bado inanukia rangi mpya, na tayari yuko kwao Matai anamsaidia mama yake kuvuna ulezi. Kitenge chake kimebaki msumarini. Nimekinusa asubuhi. Nimekibeba kwenda nacho kazini. Mwinjuma, tajiri wangu, kanikuta nacho puani stoo huku mteja akisubiri sukari. Kasema hapa Majengo ni dukani, si fungate.

Jioni kaja Polikarp, mwanyumba wangu, aliyemwoa Rhoda, dada yake Hellena. Habari za Matai daima anazo yeye. Kanywa chai yangu, sukari akajaza mwenyewe. Kasema mama mkwe hamwachii Hellena mpaka nifunguliwe mdomo. Yaani mzee wa upande wangu aende na kuku na blanketi, aombe, ndipo niruhusiwe kuonana na mama mkwe na kumsalimu. Kwa sasa nikimwona njiani nikimbilie porini. Polikarp alikimbilia porini mwaka mzima. Anasimulia kama aliyetoka vitani. Eti, "Vumilia, mdogo wangu." Mdogo wake nani?

Mzee wangu ni baba mdogo Alfonsi, yuko Kipili na nyavu zake. Nilimtumia salamu. Kimya. Naoza.

Jumanne, 7 Juni

Darasa la Kiingereza la jioni kwa Mwalimu Sayi. Nasoma kwa ajili ya Hellena tu. Nataka siku moja nimwambie nampenda kwa lugha ambayo Polikarp haijui.

Leo mwalimu kaandika ubaoni: "Go rogue." Kaeleza kuwa ni habari ya tembo. Anaacha kundi, anakataa njia za wenzake, anatembea peke yake apendavyo. Mtu naye akizitupa kanuni na kujiamulia mambo, Waingereza humsema hivyo.

Mwili ulinisisimka! Tembo huyo ni mimi! Nikachukua daftari langu nikainuka. Mwalimu kasema keti, Leonsi, habari ya tembo haijaisha. Nikamjibu kwangu imeisha.

Nimeyaandika maneno yale kwa mkaa ukutani, juu ya kitanda. Hellena atayakuta.

Alhamisi, 9 Juni

Nimefikiri. Zamani kipande cha sabuni kilitaka kibali na foleni. Leo Mwinjuma anauza sabuni za Dubai bila kumpigia mtu magoti. Nchi nzima imefunguliwa, isipokuwa mama mkwe!

Naenda mwenyewe. Bila mzee, bila kuku. Nimenunua zawadi ya kisasa: koti la mtumba, la kike, lina manyoya shingoni. Kwa upepo huu wa Juni, mama yupi atalikataa?

Mwinjuma kauliza baba mdogo anasemaje. Nikamwambia zama za vibali zimekwisha. Kacheka mpaka akakohoa. Kasema yeye anafanya biashara ya kila kitu, lakini alipomtaka mkewe Kulsumu alimtuma mshenga kama watu wote. Wivu wa wazee. Kanipa ruhusa lakini. Nadhani anataka kusikia itakavyokuwa.

Jumamosi, 11 Juni. Matai

Nimeingia uani kwa mlango wa mbele, kifua mbele. Mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi. Polikarp alikuwa amekaa na baba mkwe wanakunywa togwa. Aliponiona akanipungia mkono: rudi, rudi! Nikajua ni husuda.

Nikamwendea mama, mkono nimeunyosha. Shikamoo mama!

Ungo ukamtoka. Ulezi wote chini, kuku wakaona Krismasi. Akajifunika khanga usoni akakimbilia jikoni. Ningefanyaje? Nikamfuata kumtuliza. Jiko lina mlango mmoja, nami nikawa nimeuziba, koti mkononi. Akageukia ukuta, analia. Nikamweleza habari ya tembo. Akazidi kulia. Nikaeleza kwa sauti zaidi.

Baba mkwe alinitoa kwa kunishika ukosi.

Hapo Hellena akafika kutoka shambani, kikapu kichwani. Mzuri ajabu! Hata vumbi la ulezi kwenye kope linampendeza! Nikafungua mikono. Hakuja. Aliuliza taratibu tu, "Leonsi, kesho ilikuwa mbali?"

Kumbe baba mdogo yuko njiani. Kumbe kesho baada ya misa nilikuwa nifunguliwe mdomo, na jioni niondoke na mke wangu. Kumbe Polikarp alikwenda Kipili mwenyewe kumfuata mzee, wakakubaliana wanishtukize kwa furaha.

Nani alimwomba?

Jumapili, 12 Juni. Matai

Mama mkwe amesema hakanyagi tena jiko nililombana ndani yake. Baba mkwe ameamua: nilibomoe, nijenge jingine. Msimamizi ni Polikarp. Kafanya kazi hiyo kwa upole unaoudhi.

Baba mdogo Alfonsi kafika na blanketi begani na kuku mkononi. Kanikuta nakanyaga udongo, tope magotini. Kampa pole kuku kwa safari. Mimi kanipita. Vitu vyake vimepokewa kuwa faini. Maombi yataanza upya, jiko likikauka na mama akipoa.

Koti amelichukua baba mkwe. Amekwenda nalo kilabuni.

Hellena kaniletea maji ya kunywa. Kayaweka mbali, kama anayemwekea mbwa asiyemjua. Nikamchorea moyo kwenye ukuta mbichi, majina yetu ndani. Aliutazama. Karibu acheke, naapa! Polikarp akaja na udongo akausiriba.

Ijumaa, 17 Juni

Majengo. Chumba kimya. Kitenge kimeanza kunukia mimi.

Mwalimu Sayi kapita dukani. Mwinjuma alikuwa ameshamsimulia yote, kwa vitendo. Nikamwomba mwalimu amalizie habari ya tembo. Kasema tembo yule huishia kuvamia mashamba ya watu, kisha bwana nyama wa serikali huitwa aje na bunduki yake. Ndiyo sababu nilikuambia ukae, kasema.

Nimetafakari kutwa. Sasa nimeona. Kosa la tembo ni kwenda mchana.

Jioni kaja Polikarp na ujumbe wa Hellena. Anasema hajambo, ananiombea, na nisithubutu kukanyaga Matai mpaka niitwe. Mpenzi wangu! Mbele ya shemeji angesema nini kingine? Moyo wake unaniita, nausikia mpaka huku.

Jumatatu lori la Mwinjuma linapita Matai kwenda Kasanga. Nitajificha nyuma ya magunia, nishuke giza likiingia. Nitagonga dirisha la Hellena, aruke, tutoroke. Nyumba ile ina madirisha mawili upande wa shamba, yanafanana. Moja analala yeye, jingine mama yake.

La kushoto ni la Hellena. Nina hakika kabisa.