Karafuu Katika Soksi ya Kahawia

Jumatatu, 5 Mei 2025

Swali hili linanisumbua tangu nilipokubaliwa katika klabu ya waonja wiski: je, ulimi wangu unaonja wiski, au unaonja karatasi iliyobandikwa kwenye chupa? Nikiisoma karatasi, naonja vanila, sukari iliyoungua, ngozi ya viti vya kale. Nisipoisoma, sina hakika kama naonja kitu zaidi ya moto. Nimesomea falsafa. Ningepaswa walau kujua namna ya kujua. Sijui.

Swali lingebaki siri yangu kama si Herménégilde. Juzi, mbele ya klabu nzima, alisimama (daima husimama, ingawa ni mlinzi, husimama mlangoni siku nzima na angestahili kukaa) akatangaza kwamba Profesa, yaani mimi, hutanguliza macho, ulimi hufuata. Akataka nifungwe kitambaa, niwekewe glasi tatu, nitaje ipi ni wiski ya rai, ile inayopikwa kwa nafaka ya rai badala ya mahindi. Watu wakapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wale niliowahi kuwahutubia kuhusu mapipa ya mwaloni. Nimelizingatia hilo.

Mzee Alexis, mwenyekiti wetu, akaamua: Jumamosi, chumbani kwangu hapa ugenini, Bellevue, tutapimwa wote wawili. Atakayeitambua rai ndiye Mwonjaji Mkuu. Cheo ni changu sasa. Herménégilde akikitwaa, ameapa kuihamisha klabu kutoka wiski za Kimarekani hadi brandi na kola. Brandi na kola! Anasema ni kinywaji kisichomtaka mtu afikiri. Kwake hiyo ni sifa.

Jumanne, 6 Mei

Mazoezi. Chupa tatu za shindano ziko kwangu, kwa haki ya cheo. Zote za kiwanda kimoja cha Kentucky, zote zimezibwa shingoni kwa nta nyekundu: bourbon ya kawaida ya mahindi, bourbon laini yenye ngano, na rai. Nimezivalisha soksi zangu za baridi. Rai iko ndani ya ile ya kahawia. Hadi Jumamosi sitazitazama tena karatasi zake. Ni kanuni.

Kwa mazoezi nimetumia masalio ya mwezi uliopita. Nilimwomba Thérèse, fundi cherehani wa chumba cha pili, anijazie glasi nyuma ya pazia, nami nibashiri. Alikataa katakata. Alisema katokea Bukavu na hajawahi kumpa binadamu kinywaji kilichomiminwa mafichoni, hataanza leo. "Ufe usiku, asubuhi waseme ni Thérèse!" Nikamweleza kanuni za utafiti. Akajibu kwamba kanuni hizo zimimine zenyewe.

Tukapatana: amimine mbele yangu, mimi nifumbe macho. Matokeo? Nilipatia zote! Tukarudia. Zote tena! Nilijihisi mtu mwenye kipaji.

Nilipokuwa naoga ndipo nikakumbuka kwamba kila alipoinua chupa, Thérèse alitamka kwa sauti: "Haya dada, sasa nakutilia ile yenye picha ya farasi."

Nahisi matokeo yanahitaji kuangaliwa upya.

Jumatano, 7 Mei

Wazo limenijia ndani ya treni ya kasi, kabla ya kituo cha Sandton. Wataalamu husema rai ina ladha ya viungo: pilipili manga, mdalasini, karafuu. Chukulia ni kweli. Basi mtu akitia karafuu kidogo ndani ya rai, hajaongeza kitu kigeni. Amesisitiza tu. Mhadhiri anayepaza sauti si mwongo.

Nimeupima kwa makini upande wa pili wa hoja, unaosema kwamba huo ni udanganyifu. Una uzito. Nimeukubali kwa kichwa, nikapitia spaza, kiduka cha mtaani, kununua karafuu.

Nyumbani nimekuta Thérèse amefua zile soksi. Alisema ni aibu wageni kukuta chupa zimevaa soksi zenye vumbi. Zilikauka mchana juani, naye akazivalisha tena vizuri. Mwanamke nadhifu sana.

Nikaivuta shingo ya soksi ya kahawia, nikakata nta, nikachomoa kizibo, nikadondosha karafuu kiganja kizima, nikaziba. Karatasi sikuitazama. Anayevunja kanuni moja ana wajibu wa kuzitunza zilizosalia.

Ijumaa, 9 Mei

Maafa!

Thérèse kaja na sombe, kisamvu cha kwetu, akaiona shingo iliyokatwa. Akaniuliza kwa upole nani atainywa hiyo. Nikasema wageni. Akaniangalia kama fundi anavyoangalia nguo iliyokatwa vibaya. Akaniuliza tena kama kweli nimezaliwa Uvira, au ni karatasi za ukimbizi tu ndizo zinasema.

Nilisahau! Kwetu chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, mbele ya macho yake. Ikiwa imeguswa, mwenyeji hunywa kwanza, na wageni wanamtazama koo hadi ateremshe. Mama yangu alifanya hivyo hata kwa juisi. Mimi niliandika tasnifu kuhusu uaminifu, halafu nasahau jambo ambalo mtoto wa miaka sita anajua.

Suluhisho lilipatikana. Mshumaa wa Pasaka, kipande kilichobaki, ukayeyushwa katika kijiko. Kwa rangi nikakatia ndani yake rangi yangu ya mdomo. Nikaichovya shingo. Kwa mtu aliyesimama mlangoni, mchana wa mawingu, chupa haina kasoro.

Inanukia kidogo waridi.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika jioni. Mdomo wangu bado hauna habari.

Walikuja wote baada ya kazi za Jumamosi, chumba kikajaa. Mzee Alexis akaziweka chupa mezani, zikiwa bado na soksi, shingo tu zikionekana. Akaalika yeyote mwenye shaka azikague. Herménégilde, anayepekua mifuko ya watu kwa riziki, hakuhitaji kualikwa mara mbili. Akagonga nta ya kwanza kwa ukucha. Akagonga ya pili. Kwenye soksi ya kahawia akasita. Akanusa. Akanusa tena, macho yamefumbwa.

"Eish! Profesa, hii chupa imetoka Kentucky au imetoka saluni?"

Kicheko. Kisha akachomoa kitu kutoka ndani ya nta, akakiinua juu watu wote wakione. Utambi wa mshumaa.

Nilieleza kwamba viwanda vidogo vina taratibu za asili. Hakuna aliyenisikiliza. Mzee Alexis akasema, kwa ile sauti yake ya kuongoza misiba, kwamba yeye hamshuku binti yake Clémence (ndivyo anavyoniita) hata kidogo, lakini desturi ni desturi, na binti yake Clémence atakunywa kwanza. Si tone. Glasi.

Nikanywa. Wote wakinitazama koo. Thérèse naye, aliyesimama mlangoni kwa sababu hanywi pombe ila hakosi shughuli, alinitazama kuliko wote.

Karafuu za siku tatu! Kama kumeza duka la viungo. Na hapo nikakumbuka, kwa kuchelewa, kwa nini bibi yangu alinibandika karafuu kila jino liliponiuma. Hutia ganzi. Ulimi ukaondoka. Ufizi ukaondoka. Mdomo wa chini nikaushika kwa kidole kuhakikisha upo.

Sikufa. Klabu ikaridhika. Tukafungwa vitambaa vya kitenge machoni, na mzee akapanga glasi.

Nilionja ya kwanza: hakuna kitu. Ya pili: hakuna. Ya tatu: nadhani nilijimwagia shingoni. Nilikuwa nimetengeneza alama ambayo mtu yeyote duniani angeweza kuisoma isipokuwa mimi.

Njia moja ilibaki. Nilisema, kwa unyenyekevu, kwamba mpinzani wangu atangulie, kwa kuwa ni mgeni nyumbani kwangu. Herménégilde alionja kwa kelele nyingi. Kisha akapiga meza. Glasi ya pili! Hana shaka! Rai halisi! Karafuu, alisema, karafuu wazi kabisa, anaiona kama anavyoona robot, taa ya barabarani, imewaka nyekundu!

Karafuu yangu! Nikamsubirisha kidogo, nikatikisa glasi, nikatafakari kwa sauti. Kisha nikatamka kwamba, baada ya kupima pande zote, ni ya pili. Nikaongeza neno kuhusu mapipa. Neno lilitoka bila herufi kadhaa, kwa sababu ya ganzi.

Tukafunguliwa macho. Mzee Alexis akaishika chupa iliyojaza glasi ya pili, akaivua soksi ya kahawia.

Bourbon. Ile laini. Yenye ngano.

Nikaitazama soksi. Nikamtazama Thérèse. Thérèse akaitazama soksi kwa fahari. Kweli ilikuwa imetakata.

Basi rai ilikuwa imevaa soksi nyingine tangu Jumatano, safi, bila kuguswa na mtu, na hakuna katika chumba kile aliyeitambua.

Yangeishia hapo, aibu ya kugawana. Lakini mzee Alexis alitaka naye aonje hiyo bourbon inayojifanya rai. Akanywa. Akatafuna. Akatoa mdomoni karafuu nzima, akaiweka katikati ya meza.

Nilifungua kinywa kuzungumzia mimea ya Kentucky. Kabla sijaanza, Herménégilde alikuwa amesimama. Akasema, jasho likimtoka, kwamba hilo ni jambo linalojulikana. Kwamba amesoma mahali. Kwamba bourbon nzuri hutiwa karafuu, mara nyingine hata kumi, na asiyejua hilo asihudhurie klabu. Nilimwelewa papo hapo. Karafuu ikiwa hila, basi kipaji chake chote cha leo ni cha kunusa hila. Sijawahi kutetewa kwa bidii namna ile, hata siku ya kutetea tasnifu.

Mzee akaisukuma ile karafuu kati yetu wawili. Akasema hajawahi kuona watu wawili wakikosea kwa usomi namna hii. Uamuzi: cheo hakina mwenyewe. Tutarudia Jumamosi ijayo, nyumbani kwa Herménégilde. Hadi hapo klabu haitakunywa wiski wala brandi. Itakunywa chai. Thérèse alikwisha kuinjika sufuria.

Jumapili, 11 Mei

Ulimi umerejea wakati wa mahubiri. Nimeshukuru kwa dhati.

Herménégilde amenitumia ujumbe. Salamu ndefu, afya, familia, hali ya hewa. Mwishoni, kama mtu anayeuliza njia, ameuliza kule Kentucky hutia karafuu ngapi hasa kwa chupa moja. Sijamjibu. Sina hakika kama anataka kunifichua au anataka kunitangulia.

Swali langu la Jumatatu halikujibiwa, na naona sababu yake. Wiki nzima hakuna glasi iliyofika mdomoni mwangu bila mimi kuitangulia. Jumanne nilionja sauti ya Thérèse. Jumamosi nilionja karafuu zangu, kisha nikaonja maoni ya Herménégilde, ambayo nayo yalikuwa karafuu zangu. Wiski yenyewe bado hatujakutana. Huenda ulimi wangu ni hodari. Huenda ni kipande cha nyama tu. Ili kujua, ningehitaji chupa zisizoguswa, mkono usio na maslahi, na ujasiri wa kupokea jibu lolote.

Nimelitafakari hilo kwa utulivu, kutoka kanisani hadi nyumbani, na nimefikia hitimisho, ingawa naliweka wazi kwa marekebisho. Karafuu haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuiacha nzima.

Nimemwomba Thérèse aniazime kinu. Ameuliza cha nini. Nimesema pilau.

Amefurahi sana. Ameshawaalika watu.