Asta za Mama, Mkasi Wangu na Rula

Ua ambalo halijawahi kukatwa linapataje matawi saba kwenye shina moja?

Swali hilo lilinijia leo saa mbili asubuhi, nimechuchumaa mbele ya nyumba yetu hapa Bariadi, mkasi mkononi.  Ningesubiri jibu lake, nisingeharibu zamu ya mama ya kupamba madhabahu, na nisingeaibika mbele ya akina mama watano wa kanisani.

Mama ana tuta zima la asta, zambarau na nyeupe, kati ya mlango na barabara. Yeye anaziita maua ya Mwamanyili, kwa sababu mbegu alipewa na dada yake anayeishi huko. Mimi naziita asta, kwa sababu nimesoma. (Shahada moja, ajira bado.) Jana nilikuta makala mtandaoni: asta zikikatwa vichwa, theluthi ya urefu, zinatoa matawi mengi na kila tawi linabeba maua yake. Zikatwe mwezi wa tano. Nikaangalia kalenda. Mwezi wa tano.

Mama alikuwa anapepeta choroko. Nikamuuliza, "Kwani haya maua huwa unayapunguza?"

"Yaache yalivyo," akasema, bila kuinua macho.

Nikajua ni yale yale. Bibi hakukata, kwa hiyo mama hakati. Mimi jambo silikubali kwa sababu tu bibi alilifanya. Leo mama alipoenda sokoni, nikaingia kazini.

Nilifanya kwa utaratibu. Nilipima kwa rula. (Ndiyo, rula.) Karibu kila kichwa kilikuwa na vitumba, na vingine vilishaanza kuonyesha rangi. Roho ikasita. Nikajiambia, vitumba kumi vife leo, mia vizaliwe baadaye. Nilivyokata nikavitandaza kwenye ungo kivulini, nikidhani nitajaribu kuviotesha.

Jirani yetu, Mama Kulwa, akapita, akanisalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, mayu."

Akausogelea ungo. "Unaanika nsansa? Mbona majani yenu ya kunde yana maua ya zambarau hivi?"

"Siyo mboga, mayu. Napunguza asta. Kitaalamu."

Akaangalia tuta. Akaangalia rula. "Mama yako anajua?"

"Atafurahi."

"Haya," akasema, akaondoka haraka kuliko alivyokuja. Mimi nahoji kila kitu, mnanijua. Ile "haya" sikuihoji.

Saa tisa mama akarudi na akina mama watano, Mama Kulwa akiwa nyuma na ndoo ya maji. Mama alitangulia, akiongea huku amewageukia wageni. "Mwaka jana watoto walipata kipaimara madhabahu ina maua ya plastiki, yana vumbi. Nikasema zamu yangu ikifika, hapana. Tangu mwezi wa pili nayalea haya. Leo mchague, kesho kutwa tukate, Jumapili..."

Akageuka. Akaliona tuta.

"Mbuzi wameingia?" mmoja akauliza kwa upole.

"Mbuzi gani anakata usawa mmoja hivi?" Mama Kulwa akasema. "Labda mbuzi mwenye rula."

Hapo mwenye akili angerudi ndani. Mimi nikatoa maelezo. Nikawaambia kuhusu machipukizi ya pembeni. Nikatumia mikono. Nikamaliza: "Kwa hiyo mama, yatachanua mara tatu zaidi."

"Lini?" mama akauliza.

Nikafungua simu. "Mwezi wa tisa."

"Kipaimara ni Jumapili hii."

Zamu ya mama ilikuwa imetangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. (Jumapili hizo zote nilikuwa nyumbani, nikitafakari.)

Mama Kulwa alikuwa bado anatazama simu yangu. "Huyo mwandishi wako, kwao mwezi wa tano mvua zinaanza au zinakatika?"

Nikasoma makala tena, safari hii mpaka mwisho. Mwandishi alishauri tusubiri theluji iyeyuke kwanza.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Mama alivuta kigoda, akakaa mbele ya ungo, akaanza kuchambua: chenye rangi huku, cha kijani kule. Vikonyo vilikuwa vifupi kama kidole, haviwezi kusimama kwenye chombo chochote. Mama Kulwa akaomba beseni, akalijaza mchanga, akamwagia maji, akachomeka kitumba cha kwanza. Wenzake wakamfuata. Walichomeka mpaka beseni likajaa, zambarau katikati, nyeupe kuzunguka. Sijui vitachanua vingapi. Na wao hawajui.

"Na wewe mikono yako imechoka?" mama akaniambia. Nikachuchumaa. "Jumapili utalibeba wewe. Kutoka mlangoni mpaka mbele."

Kwa hiyo wale mliozoea kuniona nimekaa nyumbani siku hiyo, mkiniona nakatiza katikati ya kanisa na beseni la mchanga, naomba mtazame vitabu vyenu vya nyimbo.

Wageni walipoondoka, jua lilikuwa linazama. Nikawa namwagilia yale mashina, na swali la asubuhi likarudi. Nikamuuliza mama matawi saba yalitoka wapi.

Akaja, akainamisha shina moja, akanionyesha karibu na udongo. Kulikuwa na kovu dogo, limeshapona.

"Niliyakata yakiwa kimo cha kidole," akasema. "Kwa kucha, kama tunavyochuma kunde changa ili zitanuke. Ilikuwa asubuhi. Wewe ulikuwa umelala."

Nimepita shina kwa shina na tochi ya simu. Kila moja lina kovu lake.